Nimefuta picha ya marehemu mama kwenye kishikwambi, naombeni msaada kuirudisha na kuzipanga zingine

Mwl_Mpunguzi:

Habari za jioni jamani. Naombeni msaada wenu maana tangu jana sina raha. Nina kile kishikwambi tulichogawiwa walimu, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, na tangu nikipate ndio kimekuwa kamera yangu, picha za darasani humo, za shamba humo, harusi, misiba, kipaimara cha mtoto, kila kitu humohumo, na juu yake magrupu ya WhatsApp yanamwaga maua na salamu za asubuhi kila siku ya Mungu. Sasa wiki mbili zilizopita nipo shambani, majani ya mizabibu yameanza kuwa na kitu cheupe kama mtu kanyunyizia unga, nataka kupiga picha nimtumie bwana shamba, kishikwambi kikagoma, kinasema nafasi imejaa.

Nikakumbuka mwanangu alishaniwekea Google Photos akaniambia mama picha zako zote zinajihifadhi mtandaoni wala usiwe na wasiwasi. Basi nikajua zipo salama huko, nikaifungua hiyohiyo Google Photos nikachagua za zamani nikafuta, kama mia nne hivi, nafasi ikapatikana nikapiga majani yangu nikaendelea na shughuli. Jana dada yangu kanipigia kutoka Kondoa anataka ile picha ya mama. Mama yetu tulimzika mwaka jana. Hiyo picha nilimpiga uani kwake Mvumi akiwa anapepeta uwele, ungo kaushika usawa wa kiuno, makapi yako hewani na yeye kafumba jicho moja anakwepa vumbi. Ndiyo picha pekee ambayo hakujua kama anapigwa picha, zingine zote kakaa wima kama anasubiri ya kitambulisho. Naingia kuitafuta haipo. Nikachukua simu, ina akaunti ileile, nako haipo. Nikaingia kwa kompyuta ya ofisini, haipo.

Naomba kujua je ndio imeenda moja kwa moja? Na hata zikipatikana nizipangeje, maana zimechanganyika sana, picha ya kaburi iko katikati ya madaftari ya darasa la pili na risiti ya salfa. Natanguliza shukrani.

Fundi_Sabasaba:

Pole sana mwalimu. Usifute kitu kingine chochote kwanza, na popote utakapoona pameandikwa Empty trash usipaguse.

Wiki mbili bado uko ndani ya muda. Picha ambayo ilishapanda mtandaoni ukiifuta kwenye Google Photos inakaa kwenye taka siku 60, na ambayo ilikuwa haijapanda inakaa siku 30. Fungua Google Photos, ingia Collections, matoleo ya nyuma ilikuwa inaitwa Library, utaona Trash au Bin inategemea na kifaa. Ukiiona ya mama ikandamize kidogo mpaka itokee tiki halafu bonyeza Restore. Anza na hiyo moja, mia tatu tisini na kitu zingine zitafuata.

Sasa kilichotokea ni hiki, na nimeshakutana nacho kwa wateja wengi tu. Watu wanajua kuna picha mbili, moja kwenye kifaa na moja mtandaoni, kwa hiyo nikifuta ya huku ile itabaki. Ukifutia ndani ya Google Photos ni picha moja hiyo, inaondoka kote, ndio maana hata kwenye simu huioni. Ukitaka kupunguza mzigo kwenye kifaa peke yake bonyeza kile kiduara cha akaunti yako juu kulia uchague Free up space, yenyewe inaondoa kwenye kifaa zile tu ambazo imeshahakikisha zimepanda, za mtandaoni haizigusi. Au kwa picha mojamoja kuna Delete from device. Hizo mbili ndizo za kutumia siku nafasi ikijaa, ile alama ya pipa achana nayo.

Kaka_Nkuhungu:

Mwalimu kama huko kwenye taka hazipo daunlodi apu za kurudisha picha zipo nyingi tu, unaskani kifaa chote zinarudi hata za miaka mitatu nyuma

Fundi_Sabasaba:

Kaka hapo naomba nipingane na wewe kidogo, kwa nia njema. Kifaa kilichokuwa kimejaa mpaka kikagoma kupiga picha, ukikiongezea apu na kupiga picha mpya ndio unaandika juu ya zile zilizofutwa. Tena nyingi ya hizo apu zinakurudishia vijipicha vidogo vya kava, ukikuza ni vumbi, halafu umeshaziruhusu kuona mafaili yako yote yakiwemo ya wanafunzi. Aangalie taka kwanza.

Mwl_Mpunguzi:

NIMEIPATA. Mungu awabariki jamani, nimekaa kitandani nimeishika tu. Zilikuwemo zote mia nne na kumi na mbili, ya mama na hadi ya mbuzi wa jirani. Nimeirudisha na nimemtumia dada WhatsApp hapohapo ila ananiambia akiikuza uso unakuwa na ukungu, kwangu mimi haina ukungu kabisa.

Pia naomba kueleweshwa, nikienda kwenye galari nikatengeneza albamu nikaiita MAMA, je hapo ndio nimeihifadhi? Nikifuta kule nje hii ya kwenye albamu inabaki?

Mzee_wa_Hombolo:

Mwalimu pole na hongera, mbukwenyi kwa salamu yetu ya Kigogo. Mimi ni mkulima mwenzio wa zabibu huku Hombolo naomba nichangie hapo kwenye ukungu maana ulinigharimu. WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida inaibana ili ipite haraka, picha ya MB 3 inafika ikiwa KB mia na kitu. Kwa sura ya mtu kwenye simu ndogo huwezi kuona tofauti ila kwa jani la mzabibu unaona. Mimi nilimpigia bwana shamba picha jani lina vidoa vyeupe nikatuma kawaida, akaniuliza mzee mbona jani naona zima tu, ile poda yote ilishapotea njiani. Akanielekeza nibonyeze ile klipu, nichague Document badala ya Gallery, kisha niitafute picha humo. Inafika kama ilivyotoka kwenye kamera. Nilipotuma hivyo alikuza akasema hii ni ubwiri unga, akaniambia cha kupuliza. Kuna na kitufe cha HD siku hizi tangu 2023, kinasaidia ila bado kinabana kidogo. Ya mama yako mtumie dada yako kwa Document.

Na wewe huo weupe kwenye majani usiuache mwalimu, msikilize bwana shamba wako mapema kabla haujaingia kwenye vichala.

Binti_Kondoa:

Shikamoo mwalimu, shikamoo mzee wa Hombolo. Mwalimu mimi natunza kumbukumbu za ofisi ndio kazi yangu ya kila siku, naomba nikujibu hilo la albamu kwa sababu ndilo linawapotezea watu picha nyingi kuliko hata wizi wa simu.

Albamu ya Google Photos ni kama kibandiko. Picha iko palepale moja ila umeibandika neno MAMA, unaweza kuibandika na MVUMI na FAMILIA, haiongezi hata KB moja, lakini ukiifuta hiyo picha popote inatoka kwenye albamu zote tatu kwa wakati mmoja. Ukiitoa kwenye albamu tu, maana kuna Remove from album, hapo picha inabaki unakuwa umebandua kibandiko. Folda ni kitu kingine, folda ni kama droo, picha iko droo hii au ile, ukitaka iwe kwenye droo mbili lazima uwe na kopi mbili na zinakula nafasi mara mbili. Galari za baadhi ya tableti kama za Samsung zenyewe ukitengeneza albamu na ukahamishia picha zinatengeneza folda kweli, kwa hiyo kabla hujafuta kitu ingia kwenye apu ya mafaili uangalie kama hiyo MAMA ipo kama folda au haipo. Kama haipo huko hiyo ni kibandiko.

Sasa kupanga. Usijaribu kupanga picha elfu mbili kwa usiku mmoja utachoka uache, nimeona wengi. Anza na kutoa takataka. WhatsApp ingia Settings, Storage and data, Manage storage, itakuonyesha zile zilizofowadiwa mara nyingi na zile zinazozidi MB 5, nyingi hapo ni video na hizo ndizo zinazokumaliza, maana dakika moja ya video nzuri inakula zaidi ya MB 100 wakati picha yako ya kamera ni kama MB 3. Zipitie ufute. Halafu palepale Storage and data kuna sehemu ya Media auto-download, zima, ili maua ya asubuhi yasiingie mpaka wewe uyafungue.

Zikibaki za maana fungua apu ya mafaili, ingia DCIM halafu Camera, ndiko picha zako ulizopiga zinakokaa. Tengeneza folda chache tu, usizidishe. Mimi kwako ningeweka tatu, SHULE, SHAMBA na FAMILIA, halafu ndani yake ndio unaweka kwa tarehe, na tarehe uianze na mwaka kisha mwezi kwa namba, mfano 2024-08 mavuno, 2025-02 ubwiri. Nakuomba sana usiandike jina la mwezi, kifaa kinapanga kwa alfabeti, ukiandika Agosti na Aprili zitakaa mbele, Januari itakuja baada ya Februari na Desemba, utatafuta mpaka uchoke. Ukiweka namba zinajipanga zenyewe.

Na hapo kwenye tarehe kuna mtego. Picha uliyopiga mwenyewe imebeba tarehe yake ndani. Ya WhatsApp haibebi, ile namba kwenye jina lake IMG-20230812-WA0007 ni siku ilipoingia kwenye kifaa chako, sio siku ilipopigwa. Kwa hiyo picha za msiba wa mama ulizotumiwa na ndugu miezi mitatu baadaye zitajipanga miezi mitatu baadaye. Hizo ndizo za kupanga kwa mkono, tena ukiwa bado unakumbuka nani alikuwa wapi. Andika na majina. Picha za ofisini kwetu za zamani zina watu sita wamesimama mbele ya jengo na hakuna aliye hai wa kutuambia ni kina nani.

Lingine mwalimu, na hili nalisema kwa heshima. Za watoto wa shule zitenge kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi na mtoto ndio anahitaji kulindwa zaidi. Ukipiga daftari piga kazi peke yake bila jina na uso, na zikishamaliza kazi yake mwisho wa muhula zifute.

Fundi_Sabasaba:

Binti umemaliza kila kitu, mimi naongeza la usalama tu. Mwalimu, hicho ni kifaa cha kazi. Siku ukiambiwa ukikabidhi au kipelekwe kufanyiwa setingi upya kila kilichomo ndani kinaondoka. Picha ya mama haitakiwi kuwa humo peke yake. Iwe humo, iwe mtandaoni, na iwe kwenye kitu unachokishika mkononi na kukifungia kabatini.

Mtandaoni unapewa GB 15 bure, ila hizo zinagawanywa na barua pepe na Drive, na tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha unayopandisha inahesabiwa, hapo nyuma zilikuwa hazihesabiwi kama zimebanwa. GB 15 ni kama picha elfu tano za MB 3 ukiwa huna kitu kingine humo. Kwa mtu wa picha za kawaida zinatosha muda mrefu, ukianza kupandisha video za kipaimara zinaisha kabla ya Krismasi. Na angalia setingi ya kupandisha isiwe kwa bando, weka WiFi tu, picha mia nne za MB 3 ni zaidi ya GB 1 hapo.

Cha mkononi nunua memori kadi au flashi ya vichwa viwili, ile yenye kichwa cha Type-C upande mmoja na USB ya kawaida upande wa pili. Kadi ukiiweka ikikuuliza uitumie kama portable au internal, chagua portable. Ukichagua internal kishikwambi kinaifunga kwa siri yake chenyewe, kikifa siku moja hiyo kadi huwezi kuisoma kwenye kifaa kingine chochote. Nimeletewa kadi ya hivyo na mama mmoja, picha zote za harusi ya mwanae zimo ndani na hakuna namna ya kuzitoa. Nilirudisha kadi bila kuchukua hela, sikuwa na la kumwambia.

Na uhamishe kwa Copy, usitumie Move. Copy kwanza, hesabu folda ya huku ina ngapi na ya kule ina ngapi, fungua tano sita za mwanzo, za katikati na za mwisho uone zinafunguka, ndio ufute za kwenye kifaa. Ukitumia Move umeme ukakatika au kadi ikacheza kidogo unaweza kukosa huku na kule.

Kaka_Nkuhungu:

Nimekubali fundi, hilo la apu nimejifunza. Nami niseme la kadi maana limenikuta. Nilinunua kadi kwa machinga imeandikwa 1TB, bei yake ilikuwa bei ya GB 32, nikafurahi. Nikahamishia picha zote za mwaka mzima nikafuta kwenye tableti. Baada ya wiki nafungua, majina ya picha yapo, tarehe zipo, ukifungua ni kijivu tupu. Kumbe kadi ilikuwa ndogo ndani imeandikwa kubwa juu, inapokea mpaka inajaa halafu inaanza kuandika juu ya zile za kwanza bila kukwambia. Picha za mtoto wangu anaanza kutembea zilikuwa humo. Mwalimu nunua dukani wakupe risiti, na kabla ya kuweka picha za mama jaza kwanza vitu visivyo na maana mpaka iwe full uone kama vya mwanzo bado vinafunguka.

Fundi_Sabasaba:

Pole sana kaka. Mwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza kadi na kuisoma yote yenyewe halafu inakwambia ujazo wake wa kweli. Inachukua muda, iache usiku kucha.

Mzee_wa_Hombolo:

Mwalimu, kama una picha za mama za karatasi nazo zikumbuke. Zangu za harusi ya 1984 mchwa alishaanza pembeni. Mjukuu wangu alizipiga zote kwa tableti, tulikaa kibarazani kwenye kivuli asubuhi, sio juani maana zinang'aa na sio ndani kwenye taa, tukaziweka juu ya kitambaa cheusi, tableti akaishika sambamba na picha isilale upande. Tulimaliza sitini na tatu kabla ya chai. Zile zinazong'aa sana alitumia apu ya PhotoScan, unapiga mara nne kwa kufuata vidoti inazikusanya na kuondoa mng'ao. Nyuma ya kila picha kulikuwa na maandishi ya mke wangu, tukapiga na nyuma pia.

Mwl_Mpunguzi:

Nimerudi jamani, samahani nilikuwa na kusahihisha mitihani. Jumamosi nimekaa na mwanangu tumefanya kama mlivyosema. WhatsApp peke yake tulitoa GB 6 za vitu ambavyo hata sikumbuki kuviona. SHULE, SHAMBA na FAMILIA zipo, na kwenye FAMILIA tumeanza na mama tu, zingine nitakuwa nafanya kidogokidogo Jumapili baada ya ibada. Za watoto wa darasa la pili nimezitenga na za muhula uliopita nimezifuta, ahsante binti kwa kunikumbusha. Kadi nimenunua dukani mjini GB 64 wakanipa na risiti, tumeijaza kwanza video za ovyoovyo ikasoma zote, ndio tukacopy. Mia nne na kumi na mbili huku, mia nne na kumi na mbili kule, nimehesabu mwenyewe.

Majani bwana shamba kathibitisha ni ubwiri unga, nimeshapuliza salfa.

Dada nilimtumia tena kwa Document. Akapiga simu usiku, analia. Kasema ameikuza hadi kwenye ungo, ameona pale pembeni palipokuwa pameachia mama akapashona kwa uzi mwekundu, mimi sikuwahi hata kupaona. Ungo wenyewe aliuchukua yeye baada ya arobaini, upo jikoni kwake Kondoa, aliutoa ukutani akawa ananisomea kwenye simu mishono, iko saba.

Naomba swali la mwisho fundi, nikitaka kuisafisha stesheneri niiweke ukutani kwa ukubwa wa A4, niwapelekee hii ya kwenye kadi au niwatumie WhatsApp?

Fundi_Sabasaba:

Peleka faili lenyewe mwalimu, hii ya kwenye kadi. Ila usiwapelekee kadi, kopi hiyo picha moja kwenye flashi tupu uwape flashi, kompyuta za stesheneri zinapokea flashi za kila mtu na virusi ni vingi. Kadi iache kabatini.

Mwl_Mpunguzi:

Sawa, nitafanya hivyo Jumatatu nikitoka kazini. Nasafisha mbili, moja ya Kondoa.